Aliyeandika hii programu ya kusoma PTR, Mungu anakuona!

Wakuu, poleni na majukumu. Nina hasira, mtanisamehe.

Nimerithi mfumo wa mteja kutoka kwa fundi aliyekula hela akazima simu. Kazi yake ndogo tu: mtu akija, mfumo uchukue anwani yake ya IP, uulize PTR (rekodi ya DNS, kitabu cha majina ya mtandao, inayotoka kwenye anwani kwenda kwenye jina), upate jina. Likiishia na kikoa cha kampuni, pita. Lisipoishia, rudi ulikotoka.

Tangu Jumatatu nusu ya wafanyakazi wanafungiwa nje. Kumbe ofisi imewashiwa IPv6, zile anwani mpya ndefu. Jamaa alikuwa anakata anwani kwenye nukta, anaigeuza, anabandika in-addr.arpa, kikoa cha kuulizia PTR za anwani za zamani, IPv4. 192.0.2.25 inakuwa 25.2.0.192.in-addr.arpa, hapo simlaumu. Sasa 2001:db8::25 ina nukta wapi? Programu inakwenda kuulizia "2001:db8::25.in-addr.arpa", kama mlevi anayegonga nyumba ya mtaa mwingine. IPv6 unairudishia sifuri zake zote mpaka zitimie tarakimu 32, unazigeuza mojamoja na nukta katikati, mwisho unabandika ip6.arpa, kikoa chake yenyewe. Na wala huhitaji kujitesa: Python tangu 3.5, mwaka 2015, ina reverse_pointer ndani ya moduli ya ipaddress, inakuandalia jina hilo la kuulizia. Mstari mmoja!

Haya, nikafungua logi. Majina kibao yanaishia "co.t". Nikakodoa macho nikidhani skrini imekata. Kumbe sehemu moja anatumia dnspython, maktaba ya Python ya kuuliza DNS, inayorudisha jina likiwa na nukta mwishoni, akaweka [:-1], inayokata herufi ya mwisho, kuiondoa. Sehemu nyingine anatumia gethostbyaddr, funksheni ya Python yenyewe, ambayo hiyo nukta haina, na [:-1] ileile kaibandika. Z ya "co.tz" imeliwa. Badala ya kurekebisha, akaongeza kikoa cha "co.t" kwenye orodha ya wanaoruhusiwa! Nimecheka peke yangu kama chizi.

Hayo yote ningemeza. Lakini PTR ni kitu cha kumfungulia mtu mlango? Rekodi ile anaiandika mwenye anwani, si mwenye jina. Mimi nikikabidhiwa anwani zangu na kanda yake ya kugeuza (sehemu ya DNS zinakokaa PTR zake), naandika humo jina la kampuni yenu, na mfumo wenu unanipigia saluti. Angalau ukishapata jina, liulizie A au AAAA (rekodi za kutoka jina kwenda anwani, ya IPv4 au IPv6) uone kama linarudi kwenye anwani ileile uliyoanza nayo. Hakuuliza. Miaka yote hiyo hakuuliza!

Halafu seva ya kanda ya mgeni ikiwa imelala, Linux kwa kawaida husubiri sekunde 5, ikajaribu tena, 5 nyingine, na ukurasa umeganda muda wote huo. Kila ombi. Hata kumbukumbu ya jibu la mara ya kwanza hakuiweka.

Ukaguzi huo wa PTR nimeuzima, watu wote wanapita VPN. Mteja ananiambia, "Lakini si ulikuwa unafanya kazi?"

Kuna mwingine humu karithi kazi za huyu fundi? Mtamjua tu, funksheni zake zote zinaitwa test2.