Ushauri: chipu ya kuongoza kyubiti inagoma ikifika kelvini 4

Fliflopu: Wakuu habari. Mimi ni mtu wa saketi za dijitali, mambo ya kwanta nimeyavamia juzi tu. Chipu yetu ya CMOS (transista za silikoni za kawaida) inatakiwa ikae kwenye sakafu ya kelvini 4, kama nyuzi -269, ndani ya friji na kuongoza kyubiti 32 (biti za kompyuta ya kwanta), tuachane na msitu wa nyaya za kutoka nje. Modeli za kiwandani zinaishia nyuzi -40, huko ilipita. Nikaizamisha kwenye naitrojeni, 77 K, safi kabisa: volti 0.6, miliwati 180 kwa kasi kamili. Kwenye heliamu, 4.2 K, saa inayoipa chipu mwendo ikivuka megahezi 50 inatoa takataka. Nianzie wapi?

Baridi_Kali: Ukipunguza saa inapona?

Fliflopu: Inapona. Nikipandisha umeme hadi volti 0.75 inapona pia, hata kwa kasi kamili.

Baridi_Kali: Basi shukuru. Ingekuwa data inawahi mno kwenye fliflopu (saketi inayoshika biti moja kila saa ikipiga), ungepunguza saa mpaka uchoke bila nafuu, na chipu ungeitupa. Yako inachelewa tu. Kwenye baridi hiyo volti ya kizingiti ya transista, ile inayoiwasha, hupanda kwa 0.1 hadi 0.2 hivi, na wewe una 0.6 tu mfukoni. Baki na 0.75.

Mzee wa Ubao: Hapana, msikimbilie huko. Kizingiti huwa kimeshapanda karibu chote ukifika 77 K. Kama ndicho kinachokusumbua, mbona kule ilipita? Ubaoni umeweka kapasita gani za kutunza umeme karibu na chipu?

Fliflopu: Za kauri, aina ya X7R.

Mzee wa Ubao: Nilijua! Hizo kwenye heliamu hubaki na sehemu ndogo sana ya uwezo wake. Saa ikikimbia, chipu inavuta umeme kwa kushtukiza na hakuna akiba jirani, volti inadidimia. Weka kauri za aina ya C0G, hazitikisiki na baridi. Mimi hili lilinila wiki tatu nikikagua msimbo wa programu usio na kosa.

Wati_Moja: Na hiyo 0.75 ina bili yake. Nguvu hufuata kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo 180 inakuwa kama miliwati 281, karibu 9 kwa kila kyubiti. Kyubiti 1000 ni wati 9, wakati friji nyingi pale kelvini 4 zinaondoa wati moja na nusu hivi, na nyaya na vikuza mawimbi vinagombania humo humo. Chipu ya Google ya 2019, ya kuongoza kyubiti moja kwenye baridi kama hiyo, ilikula chini ya miliwati 2. Kwenye 4 K mkondo unaovuja karibu haupo, kwa hiyo simamisha saa ya kila sehemu isiyo na kazi. Ikilala haikugharimu kitu.

Superkondakta: Achana na CMOS, njoo kwenye makutano ya Josephson, swichi za superkondakta zinazokula umeme kidogo sana 😄

Wati_Moja: Mkuu, kumbukumbu ya mipigo ya kutuma kwa kyubiti ataiweka wapi huko?

Fliflopu: Nimebadilisha kapasita. Volti 0.6, 4.2 K, kasi kamili, haijakosea hata biti moja. Mzee wa Ubao, wiki zako tatu zimeniokoa. Sasa naingia kwenye kusimamisha saa.