Makutano ya mtaa wetu Kibos Road: tuombe taa, raundabauti ama matuta tu?

dereva_kibos
Wadau habari zenu. Nakaa upande wa Kibos Road hapa Kisumu, kuna mahali njia ya mtaa inakatiza barabara kubwa, huku ni nyumba, ng'ambo ni shule. Zamani zilikuwa zinapita gari mbili tatu, saa hizi ploti zote zimejengwa na ikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukiwa ndani hutoki. Jana nimengoja dakika kumi na mbili nikate kulia niende Kondele, nyuma wananipigia honi, tuktuk inanipita kushoto inasimama mbele yangu, boda anapenya katikati, halafu trekta ya miwa inakuja pole pole na trela zake na huwezi kuona ni nani ako nyuma anataka kuovateki. Wiki jana kijana wa boda aligongwa hapo hapo, mguu ukavunjika, kiatu chake kimoja kilikaa kwa mtaro siku mbili. Jumamosi tuna mkutano wa mtaa na wengi wanataka taa. Tuombe nini jamani?

taa_kwanza
Taa bro. Nimebeba watu na matatu Nakuru miaka mingi, raundabauti asubuhi inajifunga kila upande hakuna anayesonga. Taa nyekundu ikiwaka angalau kila mtu anajua zamu yake.

fundi_lami
Pole sana kwa huyo kijana. Nimefanya kazi za barabara muda, wacha niseme ninachojua. Msichague kitu kabla hamjahesabu. Watu wanne wakae kila mmoja kona yake na daftari, saa kumi na mbili na nusu mpaka mbili na nusu asubuhi, tena jioni, kila dakika 15 mnaanza mstari mpya, mnaandika gari imetoka wapi imeingia wapi, boda na tuktuk kando, watoto wanaovuka kando. Mkutano mwingi unabishana juu ya taa na hakuna mtu anajua ni gari ngapi zinakata kulia, na hizo ndizo zinaumiza watu.

Makutano ya njia nne yana sehemu 32 ambapo gari inaweza kukutana na gari nyingine. Raundabauti ya leni moja zinabaki 8, na mkigongana ni kukwaruzana ubavu mkiwa pole pole, si ile ya kuingiliwa mlangoni na mtu anakuja na 80. Marekani walipotoa alama za stop za njia ndogo wakaweka raundabauti, ajali za kuua na kujeruhi zilishuka kama 82%. Huko hakuna boda kama zetu kwa hivyo usiibebe hiyo namba mzima mzima, lakini sababu ni ile ile, spidi.

@taa_kwanza kujifunga ni kweli, ila inajifunga kwa sababu anayeingia anamlazimisha aliye ndani asimame. Uingereza walikuwa na shida hiyo hiyo mpaka 1966 walipoweka sheria ya kumpisha anayetoka kulia, na hiyo ndiyo sheria yetu pia. Na taa stima ikipotea inakuwaje?

mama_wawili
Samahani fundi, mimi watoto wangu wanavuka hapo kwenda shule, mdogo ako darasa la pili. Kwa raundabauti gari hazisimami kabisa, mtoto atavuka saa ngapi? Taa angalau inasimamisha.

fundi_lami
Mama uko sawa kabisa, na hapo ndipo raundabauti nyingi zinajengwa vibaya. Zebra isikae kwa mdomo wa mzunguko, irudi nyuma urefu wa gari moja, iinuliwe kama tuta, na katikati kuwe na kisiwa mtoto asimame, anavuka upande mmoja kwanza akiangalia gari za upande mmoja tu. Hicho kisiwa msikubali kitolewe hata wakisema pesa ni kidogo. Kama kuna mtu haoni kwa macho anatumia njia hiyo, kwake taa yenye sauti ni bora, semeni mapema.

Kitu kingine, trekta za miwa. Duara la katikati lizungukwe na ukingo mpana wa zege, chini chini, trela ipande nyuma bila kuvunja kitu. Na kama hesabu itaonyesha barabara kubwa imejaa mfululizo na nyinyi wa mtaa ni wachache, raundabauti haitawasaidia sana, hapo taa inashinda, mimi mwenyewe nitasema taa.

Barua iende kwa mwenye barabara, ulizeni kwanza kama ni KURA (wa barabara za mijini), KeNHA (wa barabara kuu za kitaifa) ama kaunti.

dereva_kibos
Asante sana fundi, sikuwa nimewaza hiyo ya trela hata kidogo. Nimepata vijana watatu wa steji ya boda watahesabu na mimi Jumanne, wao ndio wanaumia zaidi. Mama wawili, kama utaweza kaa upande wa shule uhesabu watoto, nitakuletea daftari Jumatatu jioni.

mama_wawili
Nitakuwa hapo kutoka saa kumi na mbili.