Wakili anasimama mbele ya jaji anasema HATUJUI mwenye kampuni ni nani!

Wakuu, nimetoka mahakamani hapa Columbus, Ohio, sasa hivi, mikono inatetemeka. Ile kampuni ya malori, mnaijua wote, siitaji. Niliishtaki mahakama ya kaunti, inadaiwa hela zangu za mizigo, zaidi ya dola 75,000. Wao mbio wakaihamishia kesi mahakama ya shirikisho: eti mdai ni wa Ohio, sisi ni wa Delaware na Texas, na kesi ya hela kama hizo kati ya raia wa majimbo tofauti shirikisho linaweza kuisikiliza.

Kesi imekaa huko mpaka nimeota mvi kwenye kope. Leo jaji kauliza swali moja: hii ni LLC (kampuni ya dhima yenye mipaka, wenye nayo huitwa wanachama), wanachama wake ni raia wa majimbo gani? Wakili kafunua faili, kafunga, kafunua tena, kanywea kama kuku aliyenyeshewa. "Mheshimiwa, hatujui."

HATUJUI! Siku ya kugawana faida mbona wanajuana kwa majina?

LLC haiangaliwi iliposajiliwa wala ofisi ilipo. Inabeba uraia wa kila mwanachama, na mwanachama akiwa LLC nyingine unazidi kushuka mpaka umkute mtu. Kanuni ya 7.1 ya mahakama za shirikisho tangu Desemba 2022 inataka majina na uraia wao yaandikwe mwanzoni kabisa. Wakapiga simu wakati wa mapumziko: mwenzao mmoja anaishi Dayton. Ohio hii hii! Mmoja tu wa jimbo langu anatosha, shirikisho halina mamlaka, kesi inarudi kaunti. Wamekula muda wangu wote halafu "hatujui"!

Babu_Tela: Umebeba mizigo ya watu usiowajua, leo unalia?

Mleta uzi: Mkuu, Delaware hawaandiki wanachama wa LLC kwenye daftari la umma. Ningewajulia wapi? Wakili WAO ndiye kasema hatujui!

Msomi_Ohio: Korporesheni (kampuni ya hisa) ndiyo huwa raia wa ilikosajiliwa na pale wakubwa wanapoamulia mambo, kesi ya Hertz ya Mahakama ya Juu ya Marekani, 2010. LLC hapana. Wakili wako aombe walipe gharama za huko kuhamishana, sheria inamruhusu jaji kuwatoza.

Dada_Mkuranga: Ngoja, korporesheni inapewa majimbo mawili kwa mpigo? Mimi fomu yangu ya uraia imelala, hata alama za vidole sijaitwa.

Diaspora_Halisi: Hiyo si ndiyo uraia pacha? Sisi tukiuomba Dodoma tunaambiwa tuchague mmoja!

Babu_Tela: Mliondoka wenyewe. Mkipewa pacha mtamaliza viwanja vyote Kigamboni.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Mbele ya jaji! Hatujui!

Diaspora_Halisi: Tulia kwanza, mkuu. Babu, kiwanja changu Kigamboni kina hati, na anayekilima bila ruhusa ni shemeji yako.

Babu_Tela: Shemeji yupi? Njoo PM.