Shampeni Dar es Salaam: dola ikipanda bei inapanda, dola ikishuka bei inabaki pale pale

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na jambo lenyewe linamgusa kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi katika jiji hili. Chupa ya shampeni ya Ufaransa, ile ya kawaida isiyoandikwa mwaka wa mavuno, ambayo miaka michache iliyopita niliinunua kwa shilingi 190,000 katika duka moja la vinywaji Masaki, sasa inauzwa shilingi 280,000 katika duka hilo hilo, na muuzaji akiulizwa sababu hutaja dola, basi.

Jibu hilo nililikubali wakati shilingi ilipokuwa ikiporomoka. Mwishoni mwa mwaka 2024 shilingi iliimarika waziwazi dhidi ya dola, lakini sikuona chupa hata moja iliyoshushwa bei. Tena huko inakotoka bidhaa wanunuzi wamepungua: mauzo ya Champagne, eneo la Ufaransa linalotengeneza shampeni, duniani yalikuwa takriban chupa milioni 326 mwaka 2022, na kufikia mwaka 2024 yalikuwa yameshuka hadi takriban milioni 271. Bordeaux nako, eneo jingine la mvinyo la Ufaransa, wazalishaji wakubwa walishusha bei za mavuno ya 2023 kwa sababu soko lilikuwa limelegea. Iweje nafuu hiyo isifike kwetu?

Kodi naifahamu. Ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18 vyote vimo ndani ya bei, na hilo halimhusu mwenye duka. Kinachomhusu ni utunzaji, na hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Mvinyo mzuri unataka giza na joto la nyuzi 13 hivi lisilopandapanda, na chupa zenye kizibo cha gome zinapaswa kulazwa ili kizibo kisikauke. Duka ninalolisema huzisimamisha chini ya taa kali, karibu na kioo kinachopigwa na jua la mchana, na kiyoyozi huzimwa wanapofunga jioni, Februari ya Dar es Salaam ikiwa ile tunayoijua. Chupa ya Bordeaux niliyonunua hapo ilikuwa na kizibo kilichosukumwa juu, mvinyo umevuja hadi kwenye karatasi ya shingoni, na ladha yake ilikuwa ya matunda yaliyochemshwa. Niliirudisha nikiwa na risiti ya EFD, nikaambiwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mtu anayedai bei ya juu namna hiyo ana wajibu wa kukabidhi kitu kizima.

Kumbi nazo hutoza malipo kwa kila chupa mliyokuja nayo, kisha zinawauzia shampeni yao kwa bei iliyozidi hata ya duka.

Mimi nimehama, na nawasihi wengine mfikirie kuhama. Sifa kuu ya shampeni kiufundi ni uchachushaji wa pili unaofanyika ndani ya chupa yenyewe, kisha mvinyo kulala juu ya mashapo ya hamira. Sheria ya Champagne inadai chupa isiyo na mwaka wa mavuno ikae angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa, 12 kati ya hiyo ikiwa juu ya hamira. Afrika Kusini hutumia njia hiyo hiyo tangu watengenezaji mvinyo Simonsig wa Stellenbosch walipotengeneza mvinyo wao wa mapovu, Kaapse Vonkel, wa mwaka 1971. Wanaiita Cap Classique, nao pia wanadai angalau miezi 12 juu ya hamira, na zabibu mara nyingi ni Chardonnay na Pinot Noir zile zile. Nimelipa chini ya nusu ya bei ya Mfaransa, na mezani hakuna aliyelalamika. Kwa mvinyo mweupe usio na mapovu, tafuteni Chenin Blanc ya Swartland, huko huko Afrika Kusini, yenye muhuri wa mizabibu ya miaka 35 au zaidi, kabla ya kuiendea Burgundy ya Ufaransa.

Dodoma tunaidharau wenyewe. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini hutozwa ushuru wa bidhaa wa chini kuliko mwingine. Hata hivyo maduka ya Masaki huuweka rafu ya chini kabisa, na zipo hoteli zisizouorodhesha kabisa. Kwa maoni yangu nyekundu za Dodoma bado hazijaifikia Stellenbosch, lakini nyeupe kavu iliyopozwa vizuri, pamoja na changu wa kupaka, nitaichagua mbele ya Mfaransa aliyepikwa dirishani.

Mwenye kulifahamu duka hapa jijini linalotunza mvinyo kwenye chumba cha baridi mchana na usiku, na linalokubali kurudishiwa chupa iliyoharibika, naomba aandike hapa eneo na bei aliyolipa.