Kikundi cha Familia: Ule Mwanga wa Jioni

[19:42] Shangazi: Jamani! Mmekiona??

[19:42] Kaka: Nini tena?

[19:43] Shangazi: Moto umekatiza mbingu! Uwanja umekuwa mweupe, kivuli changu kimezunguka chenyewe miguuni nikikitazama. Natetemeka mpaka sasa

[19:43] Mama: Nimeuona wifi. Wa kijani, ukamalizikia wekundu, ukapasuka mapande mawili. Subhanallah

[19:43] Kaka: Mimi nimeona pazia limeng'aa tu. Nipo dirishani nachungulia

[19:43] Mimi: Kaka toka dirishani!! Na nyote, kaeni mbali na vioo

[19:44] Kaka: Nimetoka. Kuna nini?

[19:44] Mimi: Ni kimondo. Mwanga hutangulia, kishindo huja dakika kadhaa baadaye. Kule Chelyabinsk, Urusi, 2013, watu walikimbilia madirishani kuangalia mwanga, kishindo kikawakuta hapo hapo. Zaidi ya 1,000 waliumia, wengi wao kwa vioo

[19:45] Mama: Kimefika! Kama radi ya mbali, mlango umetikisika

[19:45] Mimi: Dakika tatu! Sauti hutumia kama sekunde tatu kwa kila kilomita, kwa hiyo kilipasuka kama kilomita 60 kutoka kwako mama

[19:46] Baba Mdogo: Huku kimeangukia nyuma ya kilima, nimekiona kwa macho yangu. Nachukua tochi

[19:46] Mimi: Usihangaike Baba Mdogo. Vimondo huwaka juu sana, makumi ya kilomita. Kikizama nyuma ya kilima, kimekwenda mbali kuliko kilima

[19:47] Shangazi: Na sisi tumesikia sasa hivi! Mngurumo mrefu

[19:48] Mimi: Tafadhali kila mtu aandike sasa, kabla hatujaanza kusimuliana na kuchanganya: ulitazama upande gani, kilitoka wapi kikaenda wapi

[19:49] Mama: Nilitazama kaskazini. Kushoto kwenda kulia

[19:50] Shangazi: Hapana, kulia kwenda kushoto! Mimi nilitazama kusini, nina hakika kabisa

[19:50] Kaka: Mmoja wenu amekosea

[19:51] Mimi: Hakuna aliyekosea! Wote mnasema kilitoka magharibi kwenda mashariki. Kilipita katikati yenu

[19:52] Shangazi: Yaani mimi na wifi tulikuwa tunatazamana?

[19:52] Mimi: Ndiyo Shangazi. Mlikuwa mnatazamana, na kimondo kati yenu

[19:53] Mama: Wifi nakupigia, pokea