Nikiweka habari za shamba simu haitulii, nikiweka wimbo kimya. Nitangazeje EP yangu?

Binti_Mpunguzi:

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni mwimbaji wa kujitegemea, kwetu ni kijiji cha Mpunguzi hapa Dodoma, mjini nakaa Nkuhungu ambako nina kibanda cha wakala wa pesa. Sina lebo, sina meneja. Naimba Cigogo, lugha ya Wagogo, na Kiswahili, na mwezi ujao natoa EP, yaani albamu fupi, ya nyimbo tano. Naomba ushauri wenu, ila mnivumilie nieleze kwanza.

Wanaonifuatilia wengi wana namba yangu tu. Ni wateja wa kibandani, watu wa kwaya, wenzangu niliosoma nao, na wale walionisikia Nane Nane pale Nzuguni wakaja kuniomba namba. Sasa juzi nimeweka stetasi kwamba mama ameanza kuvuna zabibu. Siku nzima simu inalia: mnunuzi amefika? Ndege wamewasumbua mwaka huu? Msalimie mama, mwambie atuwekee hata ndoo moja. Kesho yake nikaweka kipande cha wimbo na linki chini yake. Nikaona majina yaleyale wameangalia, wakapita. Wawili walituma alama ya moto, basi.

Na hii kazi siyo ya kupitwa hivyo. Niseme kidogo ilivyorekodiwa. Kuna studio moja walinishauri muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, tuuweke kwa kompyuta, eti ngoma nyingi zinachafua sauti. Nikausikiliza ule wimbo, nikaona hapa kwetu hapapo kabisa, sikuutoa. Safari hii nimemleta fundi na maikrofoni zake kijijini, kwa mama zangu wenyewe. Tulianza alfajiri, maana mwezi wa nane huku upepo ukishaamka huwezi kurekodi kitu nje, unapata vumbi na mvumo tu. Wakawasha moto wa nyasi, wakaziegemeza ngoma kuelekea motoni ngozi zikaze. Mama anayeongoza ana masikio makali: anagonga kwa vidole, anasikiliza, anairudisha motoni, anagonga tena. Ikilia anavyotaka ndipo anaibana katikati ya mapaja na wengine wote wanashika zao. Fundi alitaka kila ngoma irekodiwe peke yake. Mama akamwambia muheme haupigwi na mtu mmoja, huyu anamjibu yule, ukiwatenganisha nani atajibiwa? Ikabidi fundi apange maikrofoni upya, tukarekodi wote kwa pamoja na vigelegele vyao ndani.

Swali langu ni hili. Je, nitenganishe, niwe na namba ya muziki tupu na nyingine ya maisha? Au niendelee kuchanganya shamba, kibanda na nyimbo? Na nitumie njia gani kweli, kwa sababu mtu wangu wa kijijini ananunua bando la siku, hawezi kulimalizia kwenye linki yangu. Naomba mnijibu mnaojua, hii kazi naipenda na nataka ifike.

Mwanajiji:

Dada hongera. Mimi nitakuwa mkweli. Msanii lazima awe na heshima yake. Ukimwonyesha shabiki kila siku kibanda, kuku na ndoo za zabibu, siku ya wimbo anakuona wewe ni yule dada wa kutoa pesa tu. Fungua ukurasa wa muziki, weka picha nzuri, mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Hao wanaouliza zabibu wanataka zabibu.

Mzee_wa_Ilimba:

Mwanajiji, hapo sikubaliani nawe. Marehemu Hukwe Zawose alikuwa mtoto wa huku kwetu Dodoma. Alihamia Bagamoyo, akazunguka dunia, rekodi zake zikatolewa Uingereza na Real World, lebo aliyoianzisha Peter Gabriel. Mpaka anafariki 2003 alikuwa Mgogo jukwaani, na ilimba yake, ile ala ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze lake. Hakuna aliyemwambia aufiche Ugogo ili apate heshima. Heshima yake ilitoka humo.

Binti yangu, mimi natengeneza ilimba. Nikimwonyesha mtu ilimba iliyokwisha, anasema nzuri, anaondoka. Nikimwonyesha ninavyoponda chuma kiwe ulimi, halafu ninavyobandika utando wa buibui kwenye tundu ili sauti ivume, anakaa hapo mpaka jioni na anarudi na mwenzake. Umetueleza hapa habari ya moto wa nyasi na yule mama anayegonga kwa vidole, na mimi nimeshatamani kuusikia wimbo kabla sijajua hata jina lake. Je, stetasi yako ilisema hayo? Au uliweka linki na tarehe?

Binti_Mpunguzi:

Shikamoo mzee wangu. Niliweka picha ya kava na maneno "unatoka hivi karibuni". Habari ya moto nimeiandika hapa kwa mara ya kwanza.

Kaka Mwanajiji, asante kwa ushauri, lakini kibandani ndiko nyimbo zangu zinakotoka. Wimbo wa pili kwenye EP ni wa bibi mmoja aliyekuja kutoa pesa aliyotumiwa na mwanawe aliyeko Dar, akanihesabisha mara mbili, kisha akanipa simu yake nimpigie huyo mtoto ili amwombee dua kwa sauti, mbele ya foleni nzima. Watu wote walinyamaza. Jina lake sijalitaja wala sitalitaja. Lakini nikikificha kibanda huo wimbo nitasema umetoka wapi?

Mwanajiji:

Hapo sasa nimekuelewa. Ila angalia mipaka. Watoto wa ndugu zako, ugonjwa wa mtu, pesa za mteja, hivyo usiweke.

Binti_Mpunguzi:

Hivyo siweki, kaka. Hapo tuko pamoja.

SautiYaKati:

Mimi nafanya kazi kwenye redio huku kanda ya kati, nazungumza kwa upande wa studio. Wasanii wengi wanatutumia linki. Mtangazaji yuko hewani, hana muda wa kufungua linki. Tuma faili lenyewe, WAV (sauti isiyobanwa) ukiweza, kama huna basi MP3 nzito ya 320 kbps, na uliite kwa jina lako na jina la wimbo. Tunapokea mafaili yanaitwa "final final 2", yanapotelea humohumo kwenye kompyuta.

Kwa kuwa unaimba Cigogo, niandikie mistari miwili mitatu ya Kiswahili wimbo unasema nini. Nikiwa na hiyo naweza kuutambulisha. Nisipokuwa nayo nasema "wimbo mzuri wa asili kutoka Dodoma" halafu naupiga, na msikilizaji wa Manyoni au Kondoa hajui kwa nini asikilize. Hiyo habari ya bibi na foleni, ukinipa kwa sauti yako mwenyewe, dakika moja tu uliyorekodi kwenye simu, naiweka kabla ya wimbo. Watu wanapiga simu kituoni kwa mambo kama hayo.

Na njoo wewe mwenyewe na flashi. Bado inasaidia sana kuonana uso kwa uso.

FundiMafaili:

Niongeze upande wa mitandao, maana naona tarehe inakaribia.

Kwanza WhatsApp. Stetasi inakaa saa 24 tu, na mtu anayerudi shamba jioni amechoka haioni. Tumia orodha ya matangazo (broadcast). Inabeba watu 256 kwa orodha moja, na ujumbe unamfikia kila mtu kivyake, siyo kwenye kundi lenye kelele. Lakini kuna jambo wengi hawalijui: ujumbe wa orodha unampata yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wale wa Nane Nane walichukua namba yako, sawa. Wateja wa kibandani je? Huenda wewe unayo ya kwao, wao hawana yako. Waombe waihifadhi kwa jina la muziki, siyo "wakala Nkuhungu".

Tuma sauti, siyo linki. Kata sekunde 40 za pale muheme unapoingia, tuma kama faili dogo la sauti. Hapo bando la siku halimalizwi. Anayetaka wimbo mzima ndiye umpe linki. Na ukubali kwamba vijijini wimbo utatembea kwa memori kadi na vile vibanda vya kujaza nyimbo, upende usipende. Mimi kama fundi siufurahii mchezo huo kwa sababu hakuna senti inayorudi kwako, lakini bodaboda akiupiga wimbo wako kutoka Majengo hadi Kikuyu amekutangaza.

Kwa Spotify, wasilisha wimbo kwa wahariri wao wanaopanga orodha za nyimbo angalau siku 7 kabla haujatoka, na kampuni ya usambazaji, inayoupeleka wimbo mitandaoni, iwe imeshaupokea, kwa hiyo wapelekee mafaili mapema, wiki nne ukiweza. Kava liwe la mraba, pikseli 3000 kwa 3000. Kila wimbo una namba yake ya ISRC, yaani kitambulisho cha rekodi, yenye jumla ya herufi na tarakimu 12. Kama unatanguliza wimbo mmoja kabla ya EP, hakikisha ukiingia kwenye EP unabaki na ISRC ileile, la sivyo hesabu ya wasikilizaji inaanza upya. Na ujue mapema kuhusu pesa: tangu 2024 Spotify hawalipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. YouTube nao, mgawo wa matangazo unaanzia wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka. Kwa msanii anayeanza, pesa ya kwanza mara nyingi itatoka kwenye shughuli za watu, arusi na matamasha. Mitandao ni ya kukutambulisha ili uitwe huko.

Mzee_wa_Ilimba:

Fundi umesema vyema. Mimi nina swali kwa binti: wale mama wa muheme wanapata nini?

Binti_Mpunguzi:

Mzee, umeuliza linalonikosesha usingizi. Siku ya kurekodi niliwalipa posho na chakula, na kila aliyepiga nimemwandika jina lake. Nataka majina yao yaonekane kwenye kava na kila ninapoutangaza. Kuhusu mapato ya baadaye tumekubaliana kwa mdomo tu kwamba watakuwa na fungu lao.

SautiYaKati:

Liandikwe, dada. Sheria yetu ni ya Hakimiliki na Hakishiriki, ya 1999, na hilo neno la pili linawahusu wao hasa: waimbaji, wapigaji, watu waliotoa sauti kwenye rekodi. Andikeni karatasi moja ya Kiswahili rahisi, nani amepiga, fungu la nani ni kiasi gani, wasaini au waweke dole gumba, na mtendaji wa kijiji ashuhudie. Kazi yenyewe uisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na wewe ujisajili BASATA, Baraza la Sanaa, kama bado. Hakimiliki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo hiyo karatasi ni ya wajukuu pia. Mkisubiri mpaka wimbo uingize pesa, mazungumzo yanakuwa magumu.

Binti_Mpunguzi:

Wakuu, nimesoma yote kwa mama kupitia simu, mwanzo hadi mwisho. Amefurahi kusikia mnayasifu masikio ya mwenzake. Niwaambie nilichoamua.

Namba inabaki moja. Zabibu, kibanda na nyimbo vitakaa pamoja, kwa sababu ndivyo ninavyoishi na watu wanaonisalimia mama ndio nataka waimbe nami. Nitakachobadilisha ni namna ya kutangaza. Leo jioni natuma sekunde 40 za muheme, na kabla yake sauti yangu nikieleza moto wa nyasi na kwa nini mama alimkatalia fundi. Linki itakuja baadaye kwa atakayeiomba. Kibandani nimeshabandika karatasi: "Hifadhi namba hii upate nyimbo", na tangu asubuhi mama ntilie wa jirani ananiletea wateja wake kunisaidia kuieleza.

Tarehe nimeisogeza mbele. Mafaili yaende kwa msambazaji kwanza, wimbo wa bibi utangulie, EP ifuate zabibu zikishaisha, maana mama zangu wote sasa wako shambani na siwezi kuizindua bila wao. Karatasi ya mafungu tunaiandika Jumapili baada ya ibada. Uzinduzi utakuwa Mpunguzi kwanza, wao wakipiga laivu, ndipo nije mjini. Walioniambia nianzie ukumbi wa hapa mjini watanisamehe, wanaostahili kuusikia kwanza ni waliokuwa pale alfajiri.

Dada wa redio, nakuja na flashi wiki ijayo, pamoja na Kiswahili cha nyimbo zote tano. Mzee wangu, wimbo wa nne una nafasi ya ilimba na bado haijarekodiwa. Ungeweza kupanda gari uje Mpunguzi?

Mzee_wa_Ilimba:

Nakuja. Niambie tu wimbo uko kwenye sauti ipi, maana ilimba haibadilishwi juu kwa juu, lazima nisogeze ndimi nikiwa nyumbani. Unirekodie mama yako akiimba mstari wa kwanza bila ngoma, unitumie, nitaipatia hapo.

Binti_Mpunguzi:

Usiku huu unaupata, mzee. Atakuimbia mwenyewe.