Istikhara kabla ya kuuza kiwanja: sijaota chochote, nifanyeje?

Mkazi wa Ujiji
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina kiwanja hapa Ujiji na mnunuzi yupo. Mwenzangu wa Kibirizi anataka tuingie ubia wa uvuvi wa dagaa: yeye alete mashine na nyavu, mimi nitoe mtumbwi na taa kwa pesa ya kiwanja. Nimeswali istikhara, yaani swala ya kumwomba Allah anichagulie lililo na kheri, sijaota kitu. Jirani anasema lazima zitimie siku saba, mwingine ananielekeza kwa mzee anayefungua kitabu kwa malipo. Naomba utaratibu sahihi: rakaa ngapi, saa ngapi, dua naiweka wapi, na jibu linakujaje? Kiarabu nasoma kwa kusuasua.

Abu Salim
Wa alaykumu salaam warahmatullah. Asili yake ni hadithi ya Jabir bin Abdillah (r.a.) aliyoipokea Imam Bukhari: Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha Maswahaba istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Humo hamna ndoto wala siku saba. Riwaya ya mara saba ipo, ila wanachuoni wa hadithi wameidhoofisha sana. Ukitaka kurudia, rudia; ni dua na dua hurudiwa, lakini usihesabu kana kwamba kabla ya ya saba haijasihi.

Tia udhu, nuia rakaa mbili za sunna ya istikhara *kabla* ya takbira. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mtu anamaliza sunna ya baada ya Maghrib, ndipo anakumbuka jambo lake na kuleta dua. Unaweza kuunganisha nia hizo mbili, lakini uziunganishe mwanzoni. Swala ya faradhi haitoshi, kwani hadithi imetaja rakaa mbili zisizo za faradhi. Imam Nawawi amependekeza sura ya Kafirun rakaa ya kwanza na Ikhlas ya pili. Si sharti.

Ukitoa salamu, mhimidi Allah, mswalie Mtume, kisha usome dua inayoanza *Allahumma inni astakhiruka bi'ilmika*. Kwa kuwa umeshatoka ndani ya swala, soma kwenye karatasi bila wasiwasi. Kiarabu kikikushinda kabisa, omba kwa maana yake:

"Ewe Mola, nakuomba unichagulie kwa ujuzi wako, unipe uwezo kwa uwezo wako, na nakuomba katika fadhila zako kubwa. Wewe unaweza nami siwezi, unajua nami sijui, nawe ni mjuzi wa ghaibu. Ewe Mola, ukijua kwamba jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa jambo langu, nikadirie, unisahilishie, kisha unibarikie. Na ukijua kwamba ni shari kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa jambo langu, liepushe nami, uniepushe nalo, unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo."

Penye "jambo hili" (*hadhal-amra*) taja lako: "kuuza kiwanja changu cha Ujiji na kuingia ubia huu wa mtumbwi". Usitaje kwa jumla tu, kama "mambo yangu".

Bint Isike, Tabora
Niongeze habari ya saa, maana huko kwenu watu wanakosea sana. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, swala hii haiswaliwi baada ya Alfajiri mpaka jua lipande kiasi cha mkuki (subiri kama dakika 20 tangu lichomoze), wakati jua liko utosini, na baada ya Alasiri mpaka Maghrib. Sababu yake, yaani dua, inakuja baada ya swala, haijatangulia, kwa hiyo haiingii katika zile zinazoruhusiwa nyakati hizo.

Sasa, Kigoma jua liko nyuma ya Dar es Salaam kwa takriban dakika 38. Dar linafika utosini karibu saa 6:23 mchana, Kigoma ni karibu saa 7 kamili, likitangulia au kuchelewa kama robo saa kufuatana na miezi. Anayefuata adhana ya redio ya Dar anadhani Adhuhuri imeingia kumbe Kigoma bado, na akichelewa kama nusu saa anaweza kuangukia wakati uliokatazwa. Salama zaidi ni baada ya Isha.

Mwalimu wa Mwanga
Kuhusu jibu, rudi kwenye maneno ya dua. Umeomba likiwa kheri lisahilishwe, likiwa shari liepushwe. Ishara hukuiomba, sasa unaingoja ya nini? Ukishaswali, chukua hatua inayofuata. Simu ya mnunuzi ikizimwa siku moja si jibu. Warithi wakijitokeza kudai kiwanja, au mwenzako akikataa kuandikishiana, hapo mlango unafungwa, usiusukume kwa nguvu.

Utulivu wa moyo nao una mpaka wake. Mwanachuoni Ibn Hajar ametahadharisha usifuate mwelekeo wa moyo uliotokana na hamu uliyokuwa nayo kabla ya kuswali. Kama ulishaupenda huo mtumbwi tangu mwezi uliopita, utulivu wako huenda ni ile hamu tu.

Huyo mzee wa kitabu ni mpiga ramli. Mwache, na pesa yako ibaki mfukoni.

Na ushauri usiuruke. Aya ya 159 ya sura Aal Imran inataja kushauriana, kisha kuazimia, kisha kumtegemea Allah. Waulize wavuvi chombo kinalala siku ngapi kwa mwezi wakati wa mbalamwezi, maana dagaa wa taa wanataka giza. Kumbuka pia mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15. Kama hesabu yenu haina nafasi ya miezi mitatu bila mapato, ni bora ulijue hilo kabla ya kuuza ardhi.

Mkazi wa Ujiji
Jazakumullahu kheri. Mawili tu. Mwenzangu anataka mashine ainunue kwa mkopo wa riba, tulipe pamoja. Na mke wangu angependa kuomba pia, ila yuko katika hedhi.

Abu Salim
Mkeo asome dua peke yake bila swala, inamtosha. Ama mkopo wa riba, hilo haliswaliwi istikhara, kwani haramu haiombewi kuchaguliwa. Mwambie mwenzako atafute njia nyingine ya kupata mashine, kama kukodi au kuongeza mbia wa tatu mwenye mtaji. Mkishakubaliana njia hiyo, ndiyo uitaje kwenye dua na uswali upya, kwa sababu jambo uliloliombea mwanzo limebadilika.